Kampuni ya gari letu ilishafungwa, na mke wangu hataki tena kulipanda

Shikamoo Shangazi,

Natumai u mzima wa afya. Mimi ni mwanamume wa miaka 46, mzaliwa wa Mombasa, na huu ni mwaka wa 11 naishi Columbus, Ohio, na mke wangu na watoto wetu watatu. Sijapata kuandika barua ya namna hii. Naandika kwa sababu jambo hili tumelizungumza nyumbani mpaka maneno yametuishia. Siku hizi kila likianza tu, mmoja wetu huinuka akaenda kulala.

Jambo lenyewe ni gari.

Ni Saturn Ion ya mwaka 2006, milango minne, rangi ya fedha. Wasomaji wako wengi nadhani hawajapata kuiona. Saturn ni ile sayari ambayo wazee wetu waliita Zohali, na nembo iliyo mbele ya gari ni pete yake. Kampuni ya General Motors iliianzisha chapa hii mwaka 1985 ili ipambane na magari madogo ya Kijapani, na gari la kwanza likatoka kiwandani Spring Hill, Tennessee, Julai 1990. Watu wa huku waliipenda kwa jambo moja ambalo kwetu sisi tuliozoea kupatana bei ni geni: bei iliyobandikwa ndiyo hiyo hiyo, mwenye pesa na asiye nazo walilipa sawa. Kisha mwaka 2009 General Motors ikafilisika. Saturn ikatafutiwa mnunuzi, mazungumzo na kampuni ya Penske yakavunjika mwishoni mwa Septemba, na mwaka 2010 maduka yake yakafungwa. Kwa hiyo gari letu halina kwao.

Nililinunua mwaka 2017 kwa dola 1,800 taslimu. Aliyeniuzia ni mzee wa mtaani kwetu aliyefiwa na mkewe. Gari lilikuwa la marehemu. Alinikabidhi funguo pamoja na bahasha yenye risiti zote, kuanzia ya kubadilisha oili mara ya kwanza mpaka ya matairi ya mwisho. Nilimwambia wazi kwamba ninanunua gari kuukuu kwa sababu sichukui mkopo wa riba. Baba yangu, Mungu amrehemu, alifanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi, akajenga chumba baada ya chumba kwa mshahara wake, na hakuacha deni la riba hata la shilingi moja. Nami nimejiwekea hivyo hivyo. Mke wangu aliniunga mkono tangu mwanzo, na mpaka leo hajasema vingine.

Shangazi, gari hili limetutumikia. Mtoto wetu wa mwisho alitoka hospitali amelala ndani yake. Dashibodi yake ina mita ya spidi katikati, si mbele ya dereva kama magari mengine, kwa hiyo watoto walioko nyuma huiona vizuri. Wamejifunza kusoma namba humo. Tukiingia barabara kuu husikia sauti nyuma yangu: «Baba, sitini na mbili! Baba, sitini na tano!» Injini ya lita 2.2 ni ya familia moja na ile ya Chevrolet Cobalt, basi filta, plagi, pampu ya maji na breki pedi hupatikana duka lolote la spea na bei si kubwa. Nyingi nabadilisha mwenyewe, siku ya Jumapili, mwanangu akinishikia tochi.

Tabu iko kwenye bodi. Milango na madigadi ya magari haya si bati, ni plastiki ngumu. Zamani ilikuwa ndiyo sifa yake kubwa: ukigongwa na toroli la dukani, haliachi bonde. Na hapa Ohio, ambako wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, milango ya wenzetu inaliwa na kutu huku yetu ikibaki kama ilivyotoka kiwandani. Lakini chumvi haina huruma na chuma kilichoko chini. Ukilala chali chini ya gari letu ndipo unapouona umri wake. Mwaka juzi nilibadilisha mabomba ya breki yote mawili ya nyuma, yalikuwa yamefanya magamba kama samaki.

Sasa nije kwenye tukio. Mke wangu anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, upande wa mji wa Delaware, kaskazini mwa hapa. Novemba iliyopita, alfajiri, alikuwa akirudi kwa barabara ya 42 kuelekea Plain City. Majira hayo ndiyo kulungu hutembea sana, madume wakifukuza majike, hawaangalii barabara wala taa. Mmoja alimrukia upande wa kulia. Hakuumia, alhamdulillahi. Kulungu aliinuka akaingia shambani. Lakini taa ya kulia ilikwenda, rejeta ikatoboka, boneti ikakunjika, na lile madigadi la plastiki likapasuka kama kifuu cha nazi. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa barabara na baibui lake, maji ya rejeta yanatiririka chini ya gari, mikono ameiweka kifuani. Katika ufa wa madigadi kulikuwa na manyoya ya yule mnyama. Mpaka leo hayajatoka yote.

Bima yetu ni ile ya kulipia hasara ya mtu mwingine tu, kwa hiyo hatukupata senti. Gari liko nje ya nyumba tangu siku hiyo, nimelifunika turubai.

Fundi ninayemwamini amelikagua. Anasema fremu haijapinda na injini haina neno. Rejeta mpya ipo. Taa ipo, si ya asili, lakini inaingia. Boneti ni bati, ameipata kwenye yadi ya magari mabovu. Madigadi ndiyo yaliyomtesa, maana bati unaweza kuligongagonga likanyooka, hii plastiki ikishapasuka imepasuka. Baada ya wiki tatu amepata moja kwenye yadi huko Indiana, rangi nyekundu. Vyote pamoja na kazi yake ni dola 1,150, na tukitaka lile jekundu lipakwe rangi ya fedha, tuongeze.

Mimi naona hiyo ni bei ya kulipika. Mke wangu anasema hata likitengenezwa bure hatalipanda.

Hapa ndipo ninapokwama, Shangazi, kwa sababu hoja zake si za mtu aliyeogopa tu. Baada ya ajali alikaa na simu akasoma kila kitu kuhusu gari letu. Akakutana na ile habari ya mwaka 2014, General Motors ilipoagiza magari milioni 2.6 yarudishwe yatengenezwe kwa ajili ya swichi ya ufunguo. Ion za 2003 mpaka 2007 zimo, pamoja na Cobalt na nyingine. Ufunguo uliweza kuteleza wenyewe kutoka mahali pake gari likiwa mwendoni, injini ikazima, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa isifunguke wakati wa kugonga. Mfuko wa fidia ulioundwa na kampuni ulikubali madai ya vifo 124. Aliponisomea idadi hiyo sauti yake ilitetemeka.

Mimi habari hiyo nilikuwa naijua. Kabla ya kununua nilichukua namba ya chasi, tarakimu na herufi 17, nikaiangalia: swichi ilishabadilishwa, na risiti ya kazi hiyo imo katika ile bahasha ya mzee. Hata hivyo kwa miaka yote ufunguo wa gari nimeuacha peke yake, bila ufunguo wa nyumba wala pambo lolote la kuuvuta kwa uzito, kwa sababu hivyo ndivyo wenye magari haya walivyoagizwa wafanye mpaka swichi ibadilishwe. Nilipomweleza, mke wangu aliniangalia kwa muda mrefu. Akasema: «Kwa hiyo miaka yote hii uliniambia nisiweke ufunguo wa nyumba humo, nami nikadhani ni mapenzi yako ya mpangilio.» Shangazi, neno hilo limenikaa. Sikumficha kwa ubaya. Niliona swichi imeshabadilishwa, hatari imekwisha, kuna haja gani ya kumtia hofu mtu anayeendesha usiku. Lakini yeye anaona nilijua jambo la roho yake nikalinyamazia.

Ana hoja ya pili pia, na hiyo siwezi kuijibu. Magari mapya yote ya abiria yanayouzwa Marekani tangu yale ya mwaka 2012 sharti yawe na mfumo wa kompyuta unaolizuia gari lisiserereke. Letu halina. Na mwanetu mkubwa ametimiza miaka 16, anasomea leseni, naye ataanzia humo humo.

Njia tulizo nazo ni hizi. Shemeji yangu anasema tuchukue mkopo, tununue Toyota ya miaka mitano, tulipe dola 389 kila mwezi kwa miaka sita. Nimepiga hesabu: riba peke yake ingetosha kununua gari kama letu mara nne. Lakini hata ingekuwa ndogo, nafsi yangu haikubali. Mdogo wangu aliyeko Mombasa alinipigia, akasema nimtumie yeye atalitengeneza. Ilibidi nimkumbushe kwamba Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, wala lenye usukani wa kushoto.

Iliyobaki ni akiba. Tunazo dola 3,900. Fedha hizo tumeziweka kidogo kidogo kwa nauli yangu na ya binti yangu Salma, twende Mombasa mwezi wa saba kumwona mama. Mama ana miaka 78. Sijamwona kwa miaka sita, na Salma alimwacha akiwa mdogo, hamkumbuki sura ila ya kwenye simu. Kila Ijumaa mama huniuliza, «Mwezi gani vile?» nami humjibu wa saba, in shaa Allah. Nikitengeneza Saturn, nitasafiri peke yangu au nitahangaika kujaza pengo. Nikinunua gari jingine kwa taslimu, la kiasi ambacho mke wangu ataliamini, basi safari hakuna.

Kwa sasa anapelekwa kazini na mwenzake wa zamu, ambaye mwezi wa tatu anahamia Texas. Kwa hiyo muda tulio nao ni mfupi.

Nakuomba unisaidie katika mambo mawili. Kwanza, je, ni haki yangu kumwomba mke wangu arudi kwenye gari ambalo mimi na fundi tunaliamini na yeye haliamini? Nimefikiria kumwambia tulitengeneze, niliendeshe mimi, na kwa miezi hii michache nimpeleke na kumrudisha kazini mwenyewe, ingawa nami zamu yangu huanza saa kumi na mbili asubuhi, saa ile ile yake ya kutoka. Sijui kama hilo atalipokea kama msaada au kama njia ya kumlazimisha polepole.

Pili, nimwambie nini kuhusu ule ufunguo? Nimeshasema samahani. Alisema «haya», na «haya» ya mke wangu naijua, haijamaliza jambo. Na kama wapo wasomaji wako walioko huku waliowahi kupata gari zuri bila kuingia katika riba, kwa kuchangiana au kwa njia nyingine ya halali, nitashukuru sana wakiniandikia walifanyaje.

Jana jioni nilifunua turubai nikawasha injini ili betri isife. Iliwaka mara moja. Mwanangu mdogo alikuja akaingia kiti cha nyuma, akafunga mkanda, akangoja tuondoke.

Wako,
Baba Salma
Columbus, Ohio