Barua ya wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: nani aliwapa bunduki vijana wa Haiti?

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nakuru, na mtoto wa marehemu kaka yangu ni mmoja wa polisi wa Kenya waliotumwa Haiti kupambana na magenge. Alirudi mzima, namshukuru Mungu. Siku ile ya kwanza alikaa kwenye kiti cha babake, chai ikapoa mbele yake, nasi tukaogopa kumwuliza lolote. Jioni akasema jambo moja tu: "Shangazi, wale ni watoto. Miguuni kandambili zilizofungwa kwa waya, mikononi bunduki mpya kabisa." Nikamwuliza wamezitoa wapi. Akanyamaza.

Swali hilo nimekuletea wewe, kwa sababu wizara yako ndiyo inayosimamia polisi hao.

Haiti haina kiwanda cha bunduki. Silaha nyingi za magenge hutoka Marekani, hasa Florida, zimefichwa ndani ya makontena ya bidhaa za kawaida, zikapita bandarini na mipakani. Mtoto wa kandambili hawezi kuagiza kontena. Lazima pawe na mtu mwenye fedha benki na rafiki serikalini.

Niruhusu nikae kidogo kwenye bonde la Artibonite, maana huko ndiko damu yetu ilikomwagika. Ni bonde la mpunga, ndilo linalolisha nchi. Huko kulikuwa na mbunge aitwaye Prophane Victor. Wizara ya Fedha ya Marekani ilipomwekea vikwazo Septemba 2024, ilisema aliwapa silaha vijana wa Petite-Rivière ili wamhakikishie ushindi katika uchaguzi wa 2016, na kwamba vijana hao ndio waliokuja kuwa genge la Gran Grif. Kura zikahesabiwa, bunduki zikabaki mikononi mwao. Wakaanza kutoza watu barabarani, kuteka wasafiri, kuwafukuza wakulima mashambani. Alfajiri ya tarehe 3 Oktoba 2024 waliingia mji wa Pont-Sondé wakaua watu wasiopungua 115, wakiwemo watoto wachanga. Februari iliyofuata, katika bonde hilo hilo, eneo la Savien ambalo ni ngome ya genge hilo, akauawa askari wetu wa kwanza. Mwezi mmoja baadaye mwingine akatoweka karibu na Pont-Sondé.

Victor alikamatwa na polisi wa Haiti Januari 2025, na mahakama ndiyo itakayoamua hatia yake. Lakini kama tuhuma hizo ni za kweli, basi risasi iliyomuua kijana wetu ilianza safari yake kwenye kampeni ya kiti cha ubunge. Sijakusikia ukilisema hilo. Nimesikia "magenge", nimesikia "wahalifu", kana kwamba watu hawa waliota ardhini kama uyoga.

Mfano wa pili unaigusa wizara kama yako. Mwaka 2018 vijana wa Haiti walianza kuuliza kwa Kikrioli, "Kot kòb Petwo Karibe a?", yaani pesa za PetroCaribe ziko wapi? Venezuela ilikuwa imewauzia mafuta kwa mkopo nafuu, na fedha zilizobaki, karibu dola bilioni 2, zilipaswa kujenga barabara, hospitali na shule. Wakaguzi wa hesabu wa serikali walipochapisha ripoti yao ya Mei 2019, walionyesha kipande cha barabara kilicholipiwa kampuni mbili kwa kazi ile ile, na moja wapo, Agritrans, ilikuwa imeongozwa na Jovenel Moïse kabla hajawa rais.

Kabla ripoti hiyo haijatoka, waliouliza walikuwa wameshajibiwa. Tarehe 13 Novemba 2018, siku chache kabla ya maandamano makubwa, watu wenye silaha waliuvamia mtaa wa La Saline jijini Port-au-Prince, ambao wakazi wake walikuwa mstari wa mbele kuipinga serikali. Makumi ya watu waliuawa, wanawake wakabakwa, nyumba zikachomwa. Desemba 2020 Marekani iliwawekea vikwazo watatu. Mmoja ni kiongozi wa genge Jimmy Chérizier, anayejiita Barbecue, ambaye siku ya mauaji alikuwa bado askari polisi. Mwingine alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani, aliyetajwa kuwa alihudhuria kikao kilichopanga shambulio hilo. Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa! Mtu mwenye ofisi kama zilizo kwenye ghorofa yako.

Sisi Wakenya si wageni wa mambo haya. Wenye umri wangu wanaikumbuka Jeshi la Mzee miaka ya 1990, vijana waliokodiwa kuwapiga wapinzani. Na polisi wetu wa kwanza walitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024, siku ile ile vijana wetu walipopigwa risasi nje ya Bunge wakilalamikia kodi na ufisadi. Naandika haya kwa uchungu, kwa sababu naijua njia inayoanzia kwa kijana asiye na kazi anayepewa shilingi chache na rungu.

Hata Baraza la Mpito lililowekwa kuiongoza Haiti baada ya Waziri Mkuu Ariel Henry kujiuzulu halikukaa miezi mingi bila doa. Oktoba 2024 kitengo cha Haiti cha kupambana na ufisadi kiliripoti kwamba wajumbe watatu walimdai mwenyekiti wa benki ya biashara ya serikali gourde milioni 100, fedha za Haiti, ili abaki kazini. Walikanusha, wakabaki kwenye viti vyao. Kufikia katikati ya 2025 Wahaiti milioni 1.3 walikuwa wamekimbia makwao, baadhi yao wakilala kwenye madarasa.

Septemba 2025 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kuunda kikosi kikubwa zaidi, cha hadi watu 5,550. Sipingi. Mama wa Pont-Sondé anahitaji mtu wa kumlinda usiku wa leo. Ila ukimwondoa kijana mmoja barabarani na yule anayeleta kontena yuko mezani anakula, kesho atasimama kijana mwingine pale pale.

Naomba mambo mawili. Kila bunduki ina namba, na kwa namba hiyo wachunguzi wanaweza kujua iliuzwa wapi na kwa nani. Liambie Bunge letu ni silaha ngapi zilikamatwa katika operesheni walizoshiriki polisi wetu, na kama namba zake zilikabidhiwa jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa linalofuatilia vikwazo vya Haiti. Pili, wanasiasa na wafanyabiashara ambao maafisa wetu walisikia wakitajwa huko vijijini, taarifa zao zifike kwa waendesha mashtaka wa Haiti kwa maandishi, zikiwa na muhuri wa Kenya.

Mpwa wangu hajaulizwa na mtu yeyote wa serikali kuhusu alichokiona. Yuko tayari kuulizwa.

Wako mwananchi,
Mwalimu mstaafu, Nakuru