Pima chumba kabla hujaagiza sita kwa sita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasomaji wanaojiandaa kununua kitanda, na pia na mafundi seremala wenzangu tunaowatengenezea. Sita kwa sita imegeuzwa kipimo cha heshima. Kamati ya harusi ikikaa, zawadi ya maharusi ni sita kwa sita. Kijana akipata kazi na chumba cha kupanga, cha kwanza ni sita kwa sita. Chumba chenyewe kina ukubwa gani, hakuna anayeuliza, na fundi akishapokea kianzio naye hanyanyui mdomo. Matokeo yake ni kabati lisilofunguka, mlango unaogonga tendegu, na watu wazima wanaopita ubavuubavu ndani ya chumba wanacholipia kodi.

Tuanze na chumba. Vyumba vingi vya kupanga huitwa kumi kwa kumi, lakini mara nyingi futi hizo kumi ni za kwenye msingi, zimepimwa kutoka katikati ya ukuta huu hadi katikati ya ukuta wa pili. Ukuta wa tofali la inchi 6 unakula inchi 3 kila upande, na plasta inaongeza nusu inchi kila upande. Kati ya inchi 120 unabaki na 113, yaani futi 9 na inchi 5. Kwa hiyo maneno ya dalali yaache, chukua tepu upime mwenyewe, ukuta kwa ukuta, chini karibu na sakafu na juu usawa wa kiuno, maana kuta zetu nyingi hazikunyooka.

Sasa kitanda. Namba tunayoitaja dukani ni ya godoro, si ya kitanda. Godoro la inchi 72 linataka nafasi ya ndani ya inchi 73 hivi ili shuka ichomekeke. Ongeza mifumbati miwili, yaani mbao ndefu za ubavuni, kila mmoja inchi moja na nusu baada ya kupigwa randa, upana wa nje unafika inchi 76. Kwa urefu, ubao wa kichwani ukiwa na unene wa inchi 3 na wa miguuni inchi 2, unapata inchi 78. Vile vya kisasa vilivyovalishwa sponji na kitambaa huongezeka zaidi, hasa kichwani na pembeni.

Kiweke sasa ndani ya zile inchi 113. Ukikiweka katikati, kila upande unabaki na inchi 18 na nusu, na mtu anahitaji angalau inchi 24 apite bila kujikunyata na aweze kutandika. Ukikisogeza ukutani unapata inchi 37 upande mmoja na 35 miguuni. Kabati la nguo lina kina cha inchi 24. Likikaa miguuni, mbele yake zinabaki inchi 11, na mlango wa kabati wenye upana wa inchi 18 haufunguki hata nusu. Likikaa ubavuni, zinabaki 13. Hesabu hii haina ujanja: katika kumi kwa kumi, sita kwa sita na kabati la milango ya bawaba havikai pamoja kwa raha. Tano kwa sita ina upana wa nje wa inchi 64, ukutani unabakiwa na inchi 49, ukitoa kabati zinabaki 25, na mlango wake unafunguka. Kwa chumba cha namna hiyo, watu wawili wachukue tano kwa sita bila kuona haya.

Asiyependa hesabu atandike magazeti ya zamani sakafuni kwa kipimo cha nje cha kitanda, ayabane kwa solotepu, kisha afungue mlango wa chumba, dirisha na kabati, na atembee. Mlango wa futi 3 unaofungukia ndani unafagia karibu futi 3 za sakafu. Gazeti lolote lililo ndani ya mfagio huo ni kona ya kitanda itakayogongwa kila siku. Kwenye nyumba zetu za pwani acha pia inchi 2 au 3 kati ya godoro na ukuta, kwa sababu ukuta wenye unyevu ukigusana na godoro huota ukungu.

Upande wa walalaji, mtu mzima anahitaji upana wa inchi 30 ili ageuke bila kumwamsha mwenzake. Tano kwa sita inawapa wawili hizo 30 kila mmoja. Nne kwa sita inawapa 24, na vitanda vya watoto wachanga vinavyotengenezwa Ulaya vina upana wa sentimita 60, ambazo ni karibu hizo 24. Kwa hiyo nne kwa sita ni ya mtu mmoja anayejinafasi. Wawili watavumilia tu, na akiongezeka mtoto anayenyonya haifai kabisa. Urefu nao unasahaulika. Chukua kimo cha mrefu kuliko wote, ongeza inchi 6. Mwenye futi 5 na inchi 8 tayari anavuka futi 6 za godoro, na ubao mrefu wa miguuni utamkunja magoti kila usiku. Huyo atengenezewe kitanda ambacho ubao wa miguuni hauzidi usawa wa godoro, au atafute godoro la inchi 75, ambalo hupatikana zaidi kwenye ya springi, na kitanda kipimwe kwa godoro hilo.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Vitanda vya mtumba vinavyoshushwa na makontena havifuati futi zetu. Cha Uingereza kinachoitwa kingi ni sentimita 150 kwa 200. Godoro letu la tano kwa sita ni 152 kwa 183. Upana utajibana, sponji itakubali, lakini urefuni linabaki pengo la sentimita 17. Cha Marekani kinachoitwa kwini kina urefu wa inchi 80, na pengo lake ni inchi 8. Watu huziba kwa nguo na mito. Mtoto mchanga akiteleza kwenye pengo kama hilo uso ukazibwa, hawezi kujinasua. Kipimo ni vidole viwili: pengo kati ya godoro na mbao likipitisha zaidi ya hapo, badilisha godoro au fundi apunguze kitanda.

Kwa mafundi wenzangu, kitanda kikubwa si kidogo kilichovutwa. Chaga, zile mbao zinazobeba godoro, hulazwa kutoka mfumbati hadi mfumbati, kwa hiyo ya tatu kwa sita ina futi 3 na ya sita kwa sita ina futi 6. Mbao ikirefushwa mara mbili, kwa uzito uleule katikati, hupinda mara nane. Ndiyo maana chaga za inchi 1 kwa 3 zinazodumu kwenye kitanda cha mtoto hukatika kwa maharusi. Kuanzia tano kwa sita weka mhimili wa katikati, mbao ya 2 kwa 4 iliyosimamishwa kwa ubavu wake mwembamba, na tendegu la tano chini yake. Chaga ziwe 12 na nafasi ya inchi 3 kati yake. Ukiweka 6 ili kubana gharama, nafasi zinakaribia inchi 8, godoro linazama mistarimistari na mteja anamlaumu muuza godoro. Unganisha kwa boliti na nati, usipigilie misumari: mpangaji huhama, na kitanda cha misumari kikibomolewa mara mbili hakikazi tena.

Kwa wazee, pima kutoka sakafuni hadi juu ya godoro. Inchi 20 zinamwezesha wengi kukaa nyayo zikigusa chini. Chaga zikiwa inchi 14 juu na godoro likawa la inchi 10, unafika 24, na mzee anashuka kwa kuruka. Chandarua nacho kisomwe lebo. Chenye upana wa sentimita 180 hakitoshi godoro la sita kwa sita lenye 183; kitavutika, hakitachomekeka, na mbu humuuma aliyegusana na wavu.

Watoto wawili katika chumba kidogo wanafaa dabodeka ya tatu kwa sita, kwa masharti. Wa juu awe ametimiza miaka 6. Kingo ipande angalau inchi 5 juu ya godoro, ndiyo maana godoro la juu lisizidi inchi 6. Kati ya godoro hilo na dari zibaki futi 3. Na chumba chenye pangaboi kisiwekwe dabodeka mahali ambapo mkono wa mtoto aliyesimama juu unaweza kufika, hata kama ameshakatazwa mara mia kusimama.

Ombi langu kwa wauzaji wa samani na karakana ni dogo: risiti isiandikwe tu "kitanda 5x6". Iandikwe ndani inchi 61 kwa 73, nje inchi 64 kwa 78, chaga 12, mhimili mmoja, juu ya chaga kutoka sakafuni inchi 14. Na mteja asitoe kianzio kabla hajamwonyesha fundi vipimo vya chumba na vya mlango.

Seremala,
Dar es Salaam