Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu: ile fomu ya mnunuzi na vitambulisho vya kwenye droo

Wanachama wenzangu, habari za saa hizi. Mahesabu atawasomea mweka hazina, mimi naongelea kitu kimoja tu maana ndio kilichotugombanisha mwaka mzima, ile fomu ya mnunuzi inayouliza kama kwetu kuna mtu anayetumikishwa kwa nguvu.

Kwa ambao hamkuwepo, mnunuzi wetu anapeleka korosho zilizobanguliwa Uingereza, na kule kuna sheria ya utumwa wa kisasa ya 2015, kampuni yenye mauzo ya kuanzia pauni milioni 36 kwa mwaka lazima kila mwaka itoe tamko imefanya nini ili asiwepo mtu anayetumikishwa, kuanzia kwao mpaka huku kwetu kwenye ganda. (Sheria yenyewe ina mlango wa uani, kampuni inaruhusiwa hata kuandika kwamba haijafanya kitu, na ikaishia hapo.) Korosho wanaiogopa zaidi, maana 2011 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu vituo vya waathirika wa dawa za kulevya Vietnam, watu walikuwa wanalazimishwa kubangua humo, na mnajua korosho ghafi yetu nyingi inaenda wapi, India na huko huko Vietnam.

Siku fomu ilipofika mzee mmoja alisimama akasema utumwa ulikuwa Kilwa Kivinje na Mikindani, soko la Unguja likafungwa 1873, sasa sisi wa Newala tunaulizwa utumwa gani? Tukacheka sana, na kusema ukweli mimi nilitaka nisaini pale pale oda isije ikapotea. Ila mzee huyo huyo kabla hajakaa akasema lakini manamba nimewaona, watu wa huku na ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma walienda kukata mkonge wakawa wanaitwa kwa namba. Hapo kicheko kikaisha.

Basi tukaenda swali kwa swali. Likaja la je, kuna anayeshikilia kitambulisho cha mfanyakazi? Wote hapanaaa. Mtunza stoo kimya, akaenda kufungua droo, akarudi na kadi nne za NIDA. Vibarua waliotoka mbali, walichukua advansi kabla ya msimu, akawashikia kadi mpaka deni liishe. Hakuwa na nia mbaya, na mimi sikuwahi kuuliza, hilo nalibeba mwenyewe. Lakini hebu fikirieni, dada kapigiwa simu mwanae anaumwa kwao, anataka kuondoka, kadi iko kwenye droo yetu, anaondokaje? Na hii wala haihitaji Mzungu aje kutuambia, sheria yetu ya ajira ya 2004 inasema kumshurutisha mtu kazi ni kosa.

Kadi zilirudi siku ile ile. Sasa hivi advansi inaandikwa nakala mbili, mtu akitaka kuondoka anaondoka, deni tutadaiana kama majirani. Wawili wameondoka na hela zetu, ndio, najua mnanong'ona, itasomwa kwenye hasara na mimi sijutii.

Watoto pia. Akina mama, najua mnasema wanasaidia tu jioni, ila mafuta ya ganda yanababua mikono ya mtu mzima sembuse ya mtoto, kazi ya hatari ni miaka 18 kwenda juu. Mlangoni hawapiti.

Sasa na upande wao. Nilimwandikia mnunuzi kwamba deni linaanzia juu, wewe ukichelewesha malipo miezi mitatu mbanguaji wangu anakula kwa advansi, na advansi ndio iliyoleta ile droo. Na mkulima naye huko shambani ni hivyo hivyo, ana deni la salfa ya kupulizia mikorosho, ana ada za watoto, mkorosho haujamaliza kutoa maua kangomba, yule mlanguzi anayenunua korosho kabla hazijavunwa, keshapiga hodi na bei yake ya kutupa. Fomu ina maswali mengi kuhusu sisi, hakuna hata moja linalomuuliza mnunuzi analipa lini.

Amejibu. Atatoa robo ya malipo siku ya kupakia mzigo, sisi tuliomba nusu. Kamati inapendekeza tukubali robo kwa msimu huu halafu tudai tena kabla ya Oktoba, naomba mnyooshe mikono kwenye hilo kabla hatujaenda kwenye chai.