Orioles wana wapigaji, warushaji wako wapi?

Ndugu Mhariri,

Habari za beseboli ya Marekani husifu sana klabu yenye wapigaji chipukizi wengi kwenye timu zake za kukuza vipaji. Sifa hiyo haijakamilika, na Baltimore Orioles wanatuonyesha kwa nini.

Kuanzia 2019 hadi 2024, chaguo lao la kwanza kwenye drafti, yaani siku za kila mwaka ambapo klabu huchagua vijana wapya kwa zamu, halikuwa mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) hata mwaka mmoja. Walimchukua mdakaji Adley Rutschman 2019, Jackson Holliday 2022, na kadhalika. Hapo siwalaumu. Mpigaji hucheza karibu kila siku na kupata zamu nne hivi za kupiga, hivyo makocha humjua mapema. Mrushaji anayeanza mechi huonekana mara moja kwa siku tano au sita, na kano ya kiwiko ikichanika, upasuaji humweka nje mwaka mzima au zaidi.

Lakini kikosi cha ligi kuu kina watu 26, na hadi 13 kati yao wanaruhusiwa kuwa warushaji. Nusu ya kikosi hiyo! Kwa kuwa mikono huumia, kila nafasi ya mrushaji wa kuanza inahitaji vijana wawili au watatu wanaoandaliwa kwa ajili yake kwenye timu za chini. Mwaka 2024 warushaji wao Kyle Bradish, John Means na Tyler Wells wote walipasuliwa kiwiko. Klabu ikalazimika kutoa wapigaji wawili, Connor Norby na Kyle Stowers, ili impate mrushaji Trevor Rogers katikati ya msimu, wakati muuzaji anajua una shida.

Kabla ya hapo, Februari 2024, walimpata mrushaji Corbin Burnes kwa kuwatoa Joey Ortiz na DL Hall, pamoja na mengine. Burnes alibakiwa na mwaka mmoja tu wa mkataba, akaondoka kwenda klabu ya Arizona. Msimu wa 2025 Orioles walishinda mechi 75 na kupoteza 87.

Chicago Cubs, mabingwa wa 2016, nao walijenga kwa wapigaji. Kati ya warushaji wao watano wa kuanza, hakuna aliyechaguliwa na Cubs kwenye drafti. Tofauti ni kwamba mmoja wao, Kyle Hendricks, walimchukua kutoka klabu ya Texas mwaka 2012, akiwa bado timu za chini na bei yake ndogo.

Kwa hiyo raundi ya kwanza iende kwa mpigaji, sawa, ila sehemu kubwa ya raundi 19 zinazobaki iende kwa warushaji. Atakayeshindwa kuanza mechi bado anaweza kuingia mwishoni kurusha ingi moja (awamu moja ya mechi). Wapigaji wanaogombea nafasi moja, kama ilivyokuwa kwa Holliday na Gunnar Henderson, wote wa nafasi iliyo kati ya besi ya pili na ya tatu, wahamishwe wakiwa bado Double-A, daraja mojawapo la timu za chini. Wa ziada abadilishwe kwa mrushaji kijana akiwa bado anapiga kila siku, maana akishakaa benchi miezi miwili, klabu nyingine hazitoi kitu cha maana kumpata.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam