Nimefunga kredi yangu, mbona benki bado inaiona?

Mama mmoja aliingia ofisini kwetu hapa Louisville, Kentucky, karatasi za ripoti yake ya kredi amezikunja mkononi kama mkeka. Akazinyoosha mezani, akafunua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Palikuwa na jina la benki iliyompa kadi yake, na tarehe ya wiki iliyopita. "Mwanangu, hii nimeifunga tangu Januari. Hawa wameingiaje?"

Tulimwambia hakuna aliyevunja mlango, na kufuli lake linafanya kazi vizuri. Ila swali lake tunaulizwa na wateja wengi, na wengine huwa wameshakata tamaa wakaamua kufungua kila kitu. Hilo linatuumiza, kwa sababu kinga hiyo ni nzuri na ni ya bure.

Marekani kuna kampuni tatu kubwa zinazotunza rekodi za madeni ya watu: Equifax, Experian na TransUnion. Ukitaka gari la mkopo au kadi mpya, mkopeshaji huomba faili lako kwenye mojawapo, pengine zote tatu. Ukiwa umelifunga (kwa Kiingereza "credit freeze"), mkopeshaji mgeni hapewi, na asiyeona faili kwa kawaida hatoi mkopo. Hapo ndipo anapokwama mwizi aliyepata namba yako ya Social Security. Na namba hizo zimesambaa: mwaka 2017 Equifax peke yake ilitangaza kuvuja kwa taarifa za watu wapatao milioni 147. Tangu tarehe 21 Septemba 2018, sheria ya nchi nzima inasema kufunga na kufungua ni bure. Mtu akikupigia simu akitaka dola 50 ili akufungie, kata simu.

Sasa, benki ambayo tayari umekopa kwake si mgeni. Sheria inairuhusu kuendelea kuangalia faili lako ili kufuatilia akaunti uliyo nayo, au kudai deni. Wakusanya madeni waliokabidhiwa deni lako nao wana ruhusa hiyo. Wanaangalia nini? Kama unachelewa kulipa kwingine, kama madeni yamepanda ghafla, kama wakuongezee kiwango cha kadi, yaani kikomo cha kukopa, au wakipunguze. Yule mama alidhani wanatazama kadi yao tu, kumbe wanaona na mkopo wa gari, na kadi nyingine mbili.

Ukaguzi wa namna hiyo haupunguzi alama zako za kredi ("credit score"), zile ambazo wakopeshaji hukupimia nazo. Kwenye ripoti yako utaukuta sehemu yake, mbali na ule unaofanyika unapoomba mkopo mpya. Huu wa pili ndio mzito: hukaa kwenye ripoti miaka 2, na wakopeshaji wengine wanauona. Ule wa benki yako unauona wewe tu. Mstari aliouwekea kidole yule mama ulikuwa kwenye sehemu hiyo hiyo ya ukaguzi wa benki, ila maandishi ni madogo na yako kwa Kiingereza cha kisheria.

Jambo ambalo watu hawaambiwi ni hili: ukaguzi wenyewe haudhuru, lakini uamuzi wa benki baada ya kuangalia unaweza kudhuru. Chukua kadi yenye kiwango cha dola 5,000, nawe unadaiwa 1,500. Umetumia asilimia 30. Benki ikiona umeanza kuchelewa kwingine, ikashusha kiwango hadi 2,000, deni ni lile lile lakini sasa umetumia asilimia 75, na alama zinaporomoka bila wewe kununua hata mkate. Kufunga faili hakuzuii hilo. Ila wakikushushia kwa sababu ya ripoti, wanapaswa kukuandikia na kutaja kampuni iliyowapa, nawe una siku 60 za kuomba nakala ya bure. Tafadhali msitupe barua hizo.

Pia msishangae mwenye nyumba, mwajiri au kampuni ya bima akiweza kuangalia. Sheria imewaacha nje ya kufuli. Barua za matangazo ya kadi nazo zitaendelea kuja hadi ujiondoe kwa simu namba 1-888-567-8688.

Ukiomba kadi ya pili kwenye benki yako ile ile, hilo ni ombi jipya, na huenda wakakutaka ufungue kwanza. Mteja wetu mmoja, kaka dereva wa lori, alikwama Jumamosi nzima kwa muuza magari. Alikuwa amefungua Experian, mkopeshaji akaomba TransUnion, na neno la siri hakulikumbuka. Muulizeni muuzaji mapema mkopeshaji wake anatumia kampuni ipi, mfungue hiyo kwa siku chache mnazotaka, na itajifunga yenyewe. Ukiomba mtandaoni au kwa simu, wanatakiwa kukufungulia ndani ya saa moja.

Kazi yetu ni kukaa nawe mezani ukifungua akaunti zako kwenye kampuni hizo tatu kwa mkono wako mwenyewe. Kwa hilo hatutozi chochote, na maneno yako ya siri hatuyaandiki popote. Tunachotoza ni kusoma ripoti mstari kwa mstari kwa Kiswahili na kuandika barua za kupinga makosa. Njoo na kitambulisho na kitu chenye anwani yako ya sasa, kama bili ya umeme. Ukiwa na watoto chini ya miaka 16, leta na vyeti vyao vya kuzaliwa, maana nao wanaweza kufungiwa na mzazi.

Yule mama aliondoka na ripoti yake. Kando ya ule mstari alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Hawa ni wangu." Chini yake kulikuwa na jina jingine ambalo hakulitambua, na hilo ndilo tulilianza kulifuatilia siku hiyo hiyo.