Mafundi waache kumwaga kulanti na kujaza maji ya bomba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi iliyozoeleka katika gereji zetu, ambayo imenigharimu injini. Gari langu, lililotumika Japani kabla ya kuletwa nchini, lilifika likiwa na kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini, ndani ya rejeta. Katika huduma ya kwanza tu fundi aliimwaga yote akajaza maji ya bomba, akinieleza kwamba kulanti imetengenezwa kwa ajili ya nchi za barafu na sisi hatuna barafu. Nilimwamini. Miaka minne baadaye, nikiwa napanda mlima Kitonga na familia yangu, gari lilichemsha, na silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ilipofunguliwa tulikuta alumini imeliwa kandokando ya njia za maji, gasketi imepasuka, na rejeta imejaa tope jekundu la kutu.

Hoja ya fundi yule haikuwa uongo mtupu, na ndiyo maana inaenea kwa urahisi. Maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti: kilo moja ya maji huhitaji takriban kilojuli 4.2 ili joto lake lipande kwa nyuzi moja, ilhali mchanganyiko wa nusu maji na nusu glikoli, kemikali ambayo ndiyo msingi wa kulanti, huhitaji takriban 3.4 tu. Ni kweli pia kwamba uwezo wa glikoli wa kuzuia kuganda hauna kazi kwa dereva wa Morogoro au Tanga.

Lakini glikoli hiyohiyo inayochelewesha kuganda huchelewesha pia kuchemka. Katika chombo kilicho wazi usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi joto 100 na mchanganyiko wa nusu kwa nusu kwa takriban 107, na mfuniko wa rejeta, kwa kuzuia mvuke usitoke, huongeza viwango vyote viwili kwa nyuzi ishirini hivi. Huko Mbeya, mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwa takriban nyuzi 94. Kwa hiyo mwenye gari la maji matupu, ambaye mpira wa mfuniko wake umechoka, anapanda milima akiwa na akiba ndogo sana.

Hata hivyo, kuchemka si hasara kubwa kuliko zote. Ndani ya kulanti mmetiwa dawa za kuzuia kutu, na hizo ndizo zinazolinda chuma cha bloku, alumini ya hedi na mapanga ya pampu ya maji, kazi ambayo maji hayaiwezi hata yakiwa masafi namna gani. Maji ya visima vya pwani yana chokaa nyingi, na ukoko ule tunaouona ndani ya birika hujijenga vilevile kwenye mirija myembamba ya rejeta, ukizuia joto lisitoke. Joto likianza kupanda, fundi huondoa themostati, yaani vali inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto, jambo ambalo halitibu ukoko wala kutu.

Sisemi kwamba maji ni haramu. Aliyekwama njiani ajaze maji aliyo nayo, baada ya injini kupoa, kisha akifika mjini asafishe mfumo na kurudisha kulanti. Asichanganye aina mbili kwa kufuata rangi, kwa kuwa rangi huchaguliwa na mtengenezaji na haithibitishi kilichomo. Iliyomwagwa isiachwe uwanjani pa gereji, kwani kulanti nyingi zina ethilini glikoli, ambayo ni tamu na ni sumu kwa watoto, mbwa na mbuzi.

Ninawaomba waagizaji waandike kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, kama kulanti iliyo ndani ya dumu ni ya kumimina moja kwa moja au ni nzito ya kuchanganywa na maji yaliyokenekwa, na kwa kipimo gani. Nimewaona madereva wakijaza ile nzito peke yake wakidhani wanalinda injini zaidi, kumbe bila maji hubeba joto vibaya kuliko mchanganyiko.

Msomaji wako,
Morogoro