Kamati za harambee zione mkataba wa ajenti kabla ya kutoa pesa

Mhariri,

Hapa Kisumu ni nadra mwezi kuisha kabla hujapata kadi ya harambee ya kumsafirisha kijana ng'ambo. Mimi ni katibu wa kamati ya aina hiyo mtaani Manyatta, na karibu kila bajeti tunayoletewa ina mstari ulioandikwa "viza na ajenti", laki mbili au tatu, basi. Nawasihi wenzangu wa kamati, Kisumu, Kakamega hata Nakuru, tusiuchangie mstari huo kabla haujachambuliwa.

Ada ya serikali ni kitu kimoja, malipo ya msaidizi wa kuomba viza, yaani ajenti, ni kingine. Ombi la kibali cha kusoma Kanada hulipiwa dola 150 za nchi hiyo, na 85 zaidi za alama za vidole na picha. Pesa nyingine nyingi zinazodaiwa kwa jina la viza huwa ni za ajenti, na mwombaji ana haki ya kujua anafanyiwa nini.

Kazi ya maana ipo, sikatai. Msaidizi anayejua kazi yake atalinganisha fomu na pasipoti herufi kwa herufi, atapanga stetimenti za benki zieleweke, atasoma barua ya kukataliwa ya awali na kueleza ni wapi ombi lilianguka. Aliye mwaminifu zaidi atakuambia mapema kwamba hujatimiza masharti, uweke pesa zako. Lakini uwezo wake unakomea hapo. Wakili hodari hukutetea mahakamani, hukumu ikabaki ya hakimu. Na viza vivyo hivyo ni uamuzi wa afisa wa nchi unayoiomba. Kwenye mahojiano ya ubalozi wa Marekani ajenti haingii nawe. Anayekuhakikishia viza anakuuzia kitu asichokuwa nacho.

Na fomu ikiwa na uongo, anayeumia ni aliyeombewa. Kanada humzuia mtu kuingia kwa miaka 5 kwa kutoa habari za uongo, na Uingereza inaweza kumkatalia viza hadi miaka 10. Ajenti aliyebuni barua ya kazi au kukopesha salio la benki atabaki ofisini kwake akihudumia mteja mwingine.

Mama mmoja alituletea risiti iliyochanwa daftarini: jina la binti yake, kiasi, neno "viza". Haikuwa na tarehe wala muhuri. Tulimwomba binti afungue ombi lake kwenye simu tulione, akashindwa, kwa sababu baruapepe na nenosiri vyote vilikuwa vya ajenti. Hakuwa na nakala hata ya ukurasa mmoja. Baadaye ilijulikana kwamba barua ya kumkataa ilishatumwa, na aliyeipokea ni ajenti peke yake, naye aliendelea kudai pesa za "kufuatilia". Iliniuma sana, maana mchango ule ulitoka kwa wauza samaki na watu wa bodaboda.

Sheria ya Kanada inasema wazi kwamba anayetoza pesa kwa ushauri wa uhamiaji awe wakili au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa na chama cha wanasheria, mthibitishaji wa hati za kisheria wa jimbo la Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji wa nchi hiyo. Rejista ya washauri hao iko wazi mtandaoni, mtu hutafuta jina bila malipo. Leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira hapa Kenya ni ya kuwatafutia watu kazi. Haichukui nafasi ya usajili huo. Msaidizi anayekulipisha kisha akakataa jina lake kuandikwa kwenye ombi, mkimbie.

Wanaoahidiwa kazi ya kutunza wazee Uingereza wajue pia kwamba tangu 22 Julai 2025 nchi hiyo haipokei maombi mapya ya wahudumu hao kutoka nje. Bado kuna watu wanaichangia.

Kwa hiyo kamati idai karatasi iliyotiwa saini: msaidizi atafanya nini, hatafanya nini, ni kiasi gani kitarudishwa ombi likikataliwa, na mwombaji atapata lini nakala ya kila kilichotumwa. Ada ya serikali ilipwe na mwombaji mwenyewe kwenye akaunti yake ya ombi mtandaoni. Karatasi hiyo isipokuwepo, mweka hazina asitoe hata shilingi.

Katibu wa kamati ya harambee,
Manyatta, Kisumu